Virusi vipya vya kikohozi vina msimu? Jibu kwa mwalimu wa chekechea, Tanga

Swali: Ninafundisha chekechea hapa Makorora, watoto 30 katika chumba kimoja. Kila vikitangazwa virusi vipya vya kikohozi na mafua, wazazi wananiambia joto la pwani halivipi nafasi, kwamba hatari ni kipupwe tu, basi. Kuna ukweli? Nipange mihula na likizo kwa kufuata msimu huo? Mzazi mmoja anataka kutufungia kiyoyozi, sijui kitatusaidia au kitatudhuru. Nyumbani ninaishi na mama wa miaka 74 mwenye pumu.

Jibu: Mwalimu, virusi vingi vya njia ya hewa huishia kuwa na msimu. Ila msimu huo haviji nao. Huupata baadaye, watu wengi wakishaugua au kuchanjwa na kinga ikatapakaa mitaani. Vikiwa vipya kabisa havina haja ya kusubiri hali ya hewa ivipendelee, maana karibu kila anayekutana navyo anaambukizika. Wazazi wako wana nusu ya ukweli, na nusu waliyoikosa ndiyo inayojaza wodi.

Tufanye hesabu kidogo. Namba zenyewe ni za mfano, ila zinaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno. Chukua virusi ambavyo mgonjwa mmoja, mahali ambapo hakuna mwenye kinga, huwaambukiza watu 2.5 kwa wastani, na kila mzunguko wa maambukizi huchukua siku 5. Tuseme joto na unyevu wa msimu fulani hupunguza uwezo huo kwa asilimia 20, ukashuka hadi 2. Anza na wagonjwa 10. Ikifika siku ya 25, yaani mizunguko mitano, msimu unaovipendelea utakuwa umezaa wagonjwa wapya 977 hivi katika mzunguko huo mmoja, na msimu usiovipendelea 320. Tofauti ni kubwa kwa macho, lakini usiache kuhesabu: hao 320 nao wanakaribia elfu siku 8 tu baadaye. Joto limechelewesha mambo kwa wiki moja na ushei, halikuzuia kitu.

Sasa virudishe virusi vilevile miaka michache baadaye, asilimia 55 ya watu wakiwa na kinga ya kutosha kuzuia maambukizi. Waliobaki wazi ni asilimia 45. Katika msimu unaovipendelea, 2.5 mara 0.45 ni 1.125, kwa hiyo ugonjwa unapanda taratibu. Katika msimu usiovipendelea, 2 mara 0.45 ni 0.9, kwa hiyo unafifia. Anza na wagonjwa 100: baada ya siku 50 upande mmoja una wagonjwa 325, upande wa pili 35. Ile asilimia 20 ya hali ya hewa ni ileile haijaongezeka hata chembe. Kilichopungua ni watu wasio na kinga, na hapo ndipo msimu unapoanza kuonekana.

Historia imelionyesha hili mara kadhaa. Mafua ya H1N1 ya 2009 yaligunduliwa Mexico na Marekani mwezi Aprili, wakati ambao mafua ya kawaida ya kule huwa yanakwisha. Yakasambaa kiangazi chote, Marekani yakafikia kilele Oktoba, kabla ya baridi kali. Miaka iliyofuata virusi vilevile vikaingia kwenye foleni ya mafua mengine na kuja wakati wa baridi kama wenzao. Korona nayo ilipoingia 2020, mmojawapo wa miji ya kwanza kuzidiwa ulikuwa Guayaquil, mji wa bandari nchini Ekuador, wenye joto na unyevu unaoufahamu wewe wa Tanga. Machi na Aprili mwaka ule maiti zilikaa majumbani kwa siku kadhaa kwa kukosa wa kuzichukua. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, uliumia Aprili na Mei na ukaumia tena Januari 2021. Wimbi la Delta, aina mojawapo ya korona, lililoitikisa India lilikuja Aprili na Mei 2021, Delhi ikiwa kwenye kipindi chake cha joto kali. Omikroni, aina nyingine, ilitangazwa na Afrika Kusini Novemba 2021 na ikapaa Desemba, ambao kule ni kiangazi.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata watu wa afya. Wimbi la ugonjwa mpya mara nyingi hupanda na kushuka lenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu watu waliokuwa karibu na maambukizi wamekwisha kuambukizwa na waliobaki wameanza kujihadhari. Likishuka mwezi Mei tutasema mvua za masika zimeliosha, likishuka Februari tutasema jua la kaskazi limelichoma. Virusi vya SARS vya 2003 ndivyo vilivyozaa dhana hii kwa wengi. Viliambukiza watu 8,096, vikaua 774, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba mnyororo wa maambukizi umekatika. Wengi wakalisifu joto la kiangazi cha Asia. Kilichovimaliza ni kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliokutana nao, na kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa mgonjwa wa SARS alikuwa akiambukiza zaidi baada ya kuzidiwa, akiwa tayari kitandani hospitalini. Virusi vinavyoambukiza siku moja au mbili kabla mtu hajahisi chochote, kama vile vya korona, havikamatiki kwa urahisi huo.

Basi joto na unyevu hufanya nini hasa? Mwaka 2007 watafiti wa New York waliwaweka simbilisi wenye mafua karibu na simbilisi wazima, wakabadilisha joto na unyevu wa chumba. Kwenye nyuzi 5 na hewa kavu, mafua yalisafiri kwa hewa karibu kila mara. Kwenye nyuzi 30 hayakusafiri kwa hewa kabisa. Wengi hunukuu mpaka hapo wakafunga mjadala, kumbe jaribio lililofuata ndilo linalotuhusu sisi: walipowaweka mgonjwa na mzima katika kizimba kimoja, wakigusana, mafua yaliambukiza hata kwenye nyuzi 30. Kwa maneno mengine, joto linaziba njia moja na kuacha nyingine wazi. Watoto wa miaka minne wanaochangia penseli, kikombe na kamasi wako kwenye kizimba kimoja.

Kipimo chenye maana zaidi si ile asilimia ya unyevu inayotajwa kwenye utabiri wa hewa, bali uzito wa mvuke uliomo hewani. London mwezi Januari, nyuzi 5 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 5 na kitu za mvuke. Hewa hiyo ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi asilimia 30 hivi. Inakausha pua na koo, na matone ya mate yanayotoka mdomoni hukauka upesi yakabaki chembe nyepesi zinazoelea muda mrefu. Sasa njoo Tanga. Mchana wa Februari, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 65, ni gramu 21. Usiku wa Julai, kipupwe kimekolea, nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 88, ni gramu 16. Kipupwe chetu kina mvuke mara tatu ya baridi ya London. Anayechukua maelezo ya msimu wa Ulaya na kuyabandika kwenye kipupwe cha Makorora anapima kwa rula isiyo yake. (Lushoto ni habari nyingine kidogo. Juni na Julai kule watu hulala na madirisha yaliyofungwa kwa baridi, na hilo la kufunga lina uzito kuliko baridi yenyewe.)

Jua nalo ni kweli huua virusi, tena kwa dakika chache, vikiwa juu ya kitu kilichoanikwa. Lakini maambukizi mengi hutokea kivulini, darasani, ndani ya daladala, msibani usiku. Jua la saa sita halifiki huko.

Kwa hiyo pwani yetu ina msimu wa namna gani? Wa watu zaidi kuliko wa hewa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huwaingiza watu ndani na kufunga madirisha, na vuli hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Shule zinapofunguliwa Januari na tena Julai, watoto waliotawanyika mikoani hurudi chumba kimoja na kila mmoja ana kikohozi cha alikotoka. Mwisho wa mwaka barabara ya Segera hujaa wasafiri. Ramadhani, na tarawehe zake na futari za pamoja, hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo mikusanyiko yake haikai mwezi mmoja wa kizungu. Mtu akichora grafu ya miaka kumi bila kulikumbuka hilo ataona vilele vinavyohama na kudhani virusi vina kichaa.

Virusi vya zamani vinatupa mwanga. RSV, vinavyowabana vifua watoto wachanga, vimefuatiliwa kwa miaka mingi Kilifi, pwani ileile upande wa pili wa mpaka wa Horohoro. Huko huwa vinaanza kupanda miezi ya mwisho ya mwaka, kaskazi ikiingia, na kuendelea hadi mwaka unaofuata, yaani vinashamiri joto likiwa kali. Mafua ya influenza katika nchi zetu za ikweta hupatikana karibu mwaka mzima, na vilele visivyoshika tarehe. Na hata misimu iliyozoeleka huvurugika: 2020, watu walipopunguza kukutana na safari zilipokatika, influenza ilikaribia kutoweka duniani, na aina moja yake, B ya ukoo wa Yamagata, haijathibitishwa kuzunguka tena tangu Machi mwaka ule. Australia ilipata RSV yake katikati ya kiangazi, kinyume cha kawaida, kwa sababu watoto wasio na kinga walikuwa wamelimbikizana. Korona yenyewe, baada ya miaka yote hii, Marekani bado inapanda wakati wa baridi na mara nyingine tena mwishoni mwa kiangazi.

Nikija kwenye mihula: usiibadilishe. Badala ya kubahatisha mwezi, weka daftari. Kila asubuhi andika walioandikishwa, waliofika, na ambao hawakufika kwa kikohozi au homa. Ijumaa tafuta sehemu yao kwa mia. Watoto 6 kati ya 30 ni asilimia 20. Usitazame idadi tupu, maana wiki ya mvua kubwa watoto hukosa shule kwa matope tu, ndiyo maana sababu iandikwe. Homa bila kikohozi iweke safu yake peke yake: baada ya masika malaria huongezeka, na ukiichanganya na mafua utajitungia msimu ambao haupo. Vituo vya uchunguzi navyo vina kigezo chao cha kumhesabu mtu kuwa na dalili za mafua: joto la nyuzi 38 au zaidi, kikohozi, na awe ameanza kuugua ndani ya siku 10. Kisha huangalia ni wangapi kati ya waliopimwa wamekutwa na virusi. Daftari la miaka mitatu hadi mitano ndilo linaloanza kusema jambo la maana kuhusu msimu. La mwaka mmoja linakuonyesha mwaka huo tu, lakini linakupa kitu kingine cha thamani: kiwango chako cha kawaida. Mimi ningechukua hatua kila utoro wa kikohozi unapokuwa mara mbili ya kawaida kwa wiki mbili mfululizo, uwe mwezi wowote.

Kiyoyozi sasa. Kile cha ukutani chenye boksi jingine nje hakiingizi hewa mpya. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Maji yanayodondoka kwenye mpira wake wa nje ni mvuke kilioutoa hewani. Chumba cha nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50 kina gramu 10 tu za mvuke, nusu ya zile za nje, na madirisha yamefungwa ili ubaridi usitoke. Yaani utakuwa umewaletea watoto 30 hali inayokaribia ile ya Ulaya, kwa bili ya umeme juu. Mshukuru mzazi huyo, umwombe fedha hizo zitoboe ukuta.

Hesabu yake ni hii. WHO inapendekeza hewa mpya lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya kawaida. Watoto 30 na walimu wawili wanahitaji lita 320 kwa sekunde. Kwa upepo wa asili kuna kanuni rahisi: zidisha kasi ya upepo (mita kwa sekunde) kwa eneo la uwazi (mita za mraba) kwa 1,000, kisha zidisha kwa 0.65 ikiwa upepo unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, au kwa 0.05 ikiwa madirisha yako upande mmoja tu. Upepo wa mita 1 kwa sekunde, uwazi wa nusu mita ya mraba kila upande: unapata lita 325, inatosha. Uwazi uleule upande mmoja tu: lita 25, wanaotoshelezwa ni watu wawili na nusu. Tofauti ya mara 13 kwa ajili ya tundu la ukuta wa nyuma.

Mambo yanayoharibu hesabu hiyo ni yaleyale kila mahali. Kanuni inahesabu uwazi mdogo kati ya pande mbili, kwa hiyo madirisha makubwa mbele hayasaidii kama nyuma kuna kitundu tu. Madirisha ya aluminiamu ya kuvuta hufunguka nusu, basi pima nusu. Nyavu za mbu hupunguza upepo, na zikijaa vumbi zinauzuia karibu wote, kwa hiyo zioshe kwa maji na sabuni kila baada ya wiki mbili. Pazia lifungwe kamba. Mvua ikipiga upande mmoja, watu hufunga pande zote mbili. Funga ule unaopigwa tu, na juu ya kila dirisha weka matofali ya matundu yaliyokingwa na paa, ambayo hayafungwi kamwe. Ukipata nafasi ya kuchagua kuta, tumia wa kusini na wa kaskazini, kwa sababu upepo wa kusi hutokea kusini na wa kaskazi hutokea kaskazini, ukuta mmoja ukipokea mwingine unatoa. Siku isiyo na upepo, feni ya dari inakoroga hewa ileile, haibadilishi. Feni ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya chumbani itoke. Na kama shule ina uwezo wa kununua kipima kaboni dayoksaidi, nje kitasoma kama sehemu 420 kwa milioni. Darasani ukikiona kimevuka 800 muda mrefu, hewa haitoshi.

Mtoto mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani mpaka apite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Wafundishe wasaidizi wako kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia, kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha. Mwenye mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni haraka kupita kiasi, na mchanga wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Akifika hapo, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunywa, au akilegea, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kujifukiza usikuruhusu shuleni hata wazazi wakisisitiza. Mvuke haufikii virusi vilivyomo ndani ya chembe za mapafu, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka na watoto wa miaka minne inaishia kwenye wodi ya waliounguzwa.

Mama ndiye wa kulindwa mwaka mzima, kwa kuwa wewe ndiye unayembebea kinachotoka darasani. Ukifika nyumbani nawa, badili nguo. Wiki ambazo daftari limepanda, vaa barakoa ukiwa naye chumba kimoja, na alale peke yake dirisha likiwa wazi. Pampu yake ya kila siku ya kuzuia pumu asiiache, hasa anapopata mafua, maana wengi huiacha wakidhani inagongana na dawa za kikohozi. Uliza hospitali ya mkoa Bombo kuhusu chanjo ya mafua na ya korona kwa umri wake, au piga 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Moshi wa ubani, udi na dawa ya mbu ya kuchoma usiingie chumbani kwake. Atumie chandarua.